Sindano Iliyo Karibu Mno

Amsterdam, 2 Machi 1992

Dada Hiske,

Kuna sauti imenikaa masikioni tangu Ijumaa mchana, na nisipoiandika itanitia wazimu. Ti, ti, ti, ti. Kama mtu mwenye viatu vigumu anayeshuka ngazi bila haraka.

Krismasi uliniuliza ninafanya nini kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Nikakujibu "fizikia", ukanirushia ganda la chungwa. Basi leo nakujibu vizuri. Nina kipande cha shaba, fuwele moja safi, kidogo kuliko ukucha wako. Kimekatwa mshazari kidogo sana ili uso wake uwe ngazi, na kila kipandio cha ngazi hiyo kina kimo cha atomu moja. Kipande hicho kimewekwa ndani ya chemba ya chuma isiyo na hewa. Juu yake natembeza sindano. Haigusi kitu, inapita karibu tu, na umeme kidogo mno unaruka kutoka kwenye sindano hadi kwenye shaba. Sindano ikivuka kipandio, umeme unabadilika. Hayo ndiyo macho yangu. Kompyuta inachora picha, lakini mimi nimeuunganisha umeme huo na kipaza sauti pia, maana sikio linawahi kabla ya picha.

Shaba ikiwa baridi, vipandio vimenyooka, nasikia ti, ti, ti. Ukiipasha moto, atomu za ukingoni zinaanza kutangatanga, kingo zinaota meno kama msumeno, na sauti inageuka chakarachakara, kama kokoto zinazomwagwa kwenye bati. Ukizidi kupasha, unafika mahali huwezi tena kusema kipandio hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi. Uso umepoteza ngazi zake, sasa unaparuza. Joto linaloleta hali hiyo tunaliita joto la kuparuza, na la shaba yangu linajulikana: nyuzi mia moja na arobaini. Kwenye majarida wanaliita Joto la Terwogt, kwa sababu aliyelipima ni profesa wangu, kwa sindano ya kwanza ya aina hii. Kazi yangu ya miaka hii yote ni kulithibitisha kwa picha safi zaidi.

Ijumaa nilikuwa nyuzi mia na hamsini, sauti ni chakarachakara, mambo sawasawa na Terwogt anavyosema. Njaa ikaniuma. Tukiondoka huwa tunairudisha sindano nyuma kidogo isije ikagonga. Nikairudisha, nikachukua mkate wangu wa jibini, nikasahau kuzima kipaza sauti. Nikiwa mlangoni nikasikia. Ti, ti, ti, ti. Joto lile lile, Hiske. Shaba ile ile.

Nikaisogeza karibu: chakarachakara. Nikairudisha: ti, ti. Nilifanya hivyo mpaka mkate ukakauka mkononi.

Unaelewa maana yake? Huenda si joto linalovuruga vipandio. Huenda ni sindano. Sote tunaisogeza karibu kwa sababu ikiwa karibu picha inatoka kali, na hakuna anayetaka kuwaonyesha wenzake picha hafifu. Kumbe ikiwa karibu inazivuta atomu. Ile picha nzuri kuliko zote inaonyesha tulichokifanya sisi wenyewe.

Baba usimwambie lolote. Keshokutwa nitamwandikia Terwogt.

Mdogo wako,
Reinou


Amsterdam, 4 Machi 1992

Mheshimiwa Profesa Terwogt,

Natumaini Chicago imekupokea vizuri. Naandika kwa kalamu kwa kuwa uliniambia barua za kompyuta hutazisoma.

Nimeona jambo ambalo siwezi kulifumbia macho. Katika nyuzi mia na hamsini, kingo za vipandio zina meno mengi sindano ikiwa katika umbali wetu wa kawaida. Nikiirudisha nyuma kwa upana wa atomu mbili tu, meno karibu yote yanatoweka. Nimerudia kwenye sehemu tano tofauti za fuwele, kwa sindano tatu. Ni vile vile.

Nadhani nguvu ya sindano inang'oa atomu ukingoni na kuzisogeza. Kama ni hivyo, basi zile nyuzi mia na arobaini ni joto la shaba pamoja na sindano yetu. Joto la shaba yenyewe liko juu zaidi. Sijui juu kiasi gani.

Naomba ushauri wako kabla sijaandika sura ya nne ya tasnifu.

Kwa heshima,
Reinou Bonnema


Chicago, 6 Machi 1992

Reinou mpendwa,

Nakuletea furaha. Jana nilizungumza mbele ya mkutano hapa, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa sakafuni, nikawaonyesha picha yako ya Januari, ile ya kingo zenye meno kama lesi. Walipiga makofi. Makofi kwa ajili ya picha, Reinou. Mzee mmoja wa Kijerumani, mtu ambaye hajawahi kutabasamu tangu vita, alinijia akaniuliza: "Huyo binti mnamlisha nini?" Nikamwambia anakula jibini na ubishi.

Nimekubali kuiandika kwa ajili ya kitabu cha mkutano. Jina langu, kisha lako. Picha yako ndiyo itakayokuwa ya kwanza, na chini yake: Joto la Terwogt laonekana kwa macho.

Mambo mengine. Ukumbi wa kutetea tasnifu yako umethibitishwa kwa siku ile ile tuliyoomba, Ijumaa tarehe 19 Juni. Nitakuwa nimerudi. Sura ya nne imalize kabla ya mwisho wa Aprili nipate kuipitisha. Na karatasi yako ya hoja, ile ya kugawiwa ukumbini pamoja na tasnifu, usiisahau. Hoja kumi nzito, na ya kumi na moja ya kuchekesha kama ada. Yangu ilihusu baiskeli, na mpaka leo naona aibu.

Wako,
A. Terwogt


Darajani, 10 Machi 1992

Reinou,

Nimeisoma barua yako mara mbili humu kwenye kibanda cha mlinzi wa daraja, na katikati nimefungua daraja ili mashua ya mchanga ipite, kwa hiyo kama sijaelewa vizuri ni kosa la mwenye mashua. Nilivyoelewa ni hivi: unamchungulia mtu kwa karibu mno mpaka anaanza kutetemeka, halafu unaandika kitabu kwamba yeye ni mtetemekaji. Ndivyo? Kama ndivyo, mimi nimeolewa na mtu wa namna hiyo, na sikuhitaji chumba kisicho na dirisha kulijua.

Baba sijamwambia. Lakini ujue ametushinda. Tarehe 19 Juni tayari iko kwenye ubao wa chama cha kuteleza barafuni, kaiandika mwenyewe kwa chaki: Binti yangu, Daktari. Nilipomwambia kwamba bado hujawa, akasema, "Ng'ombe akishalala upande na miguu ya ndama imeonekana, huyo ndama yupo." Ameshonesha suti. Bluu. Fundi alimuuliza kama ni ya maziko, akajibu, "Ya profesa wa Amsterdam."

Mimi na rafiki yako Wikje tutasimama kando yako ukumbini, wasaidizi wako kwa ada, tumevaa nyeusi kama mlivyoagiza, tukunong'oneze majibu. Usitegemee yangu.

Hoja ya kuchekesha ninayo: "Anayelalamika kwamba daraja limefunguliwa angetoka nyumbani mapema." Itumie bure.

Kula.
Hiske


Chicago, 16 Machi 1992

Reinou mpendwa,

Barua zetu zimepishana juu ya bahari, ndiyo maana nilikuwa nakupigia makofi huku wewe unanipiga rungu. Sawa. Nilikuajiri kwa sababu una rungu.

Lakini hebu tufikiri. Unairudisha sindano nyuma. Nini hutokea? Umeme unapungua, picha inafifia. Meno yale ni madogo, upana wa atomu moja au mbili. Picha ikififia, kitu cha kwanza kupotea ni meno. Umevua miwani yako, ukautazama msumeno ukiwa mbali, ukasema: ajabu, umekuwa rula. Meno yapo, Reinou. Wewe ndiye huyaoni. Na kipaza sauti chako kipenzi ni kiziwi vile vile umeme unapopungua.

Kila mwanafunzi mwema hupita hapa. Mimi nilipita: kwa miezi minne niliamini kwamba mwalimu wangu amekosea maisha yake yote, na kumbe waya wangu ulikuwa umelegea. Nilimwandalia chakula kama fidia. Wewe huna haja ya kupika, nimeonja supu yako ya mbaazi.

Andika sura ya nne kwa umbali wa kawaida. Hayo mengine yaweke pembeni. Mkataba wako unaisha na Juni, na sina fungu la kuurefusha.

A. Terwogt


Amsterdam, 9 Aprili 1992

Mheshimiwa Profesa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu hoja yako ya miwani ilikuwa nzuri. Iliniumiza siku kadhaa. Sikutaka kukujibu kwa maneno matupu, nikatafuta namna ya kuishinda au kushindwa.

Kwanza, nimeiacha sindano mbali, pale unaposema sioni, nikaendelea kupasha moto. Karibu na nyuzi mia mbili na thelathini meno yalitokea, mengi, na nikayaona wazi. Kwa hiyo macho yangu ya mbali yanaona meno yakiwepo. Katika mia na hamsini hayaoni kwa sababu hayapo.

Hilo unaweza bado kulipinga; utasema meno ya joto kali ni makubwa zaidi. Ndiyo maana nimefanya jambo la pili.

Nilichagua sehemu moja ya fuwele, mraba mdogo. Katika nyuzi mia na hamsini nikapitisha sindano karibu juu ya mraba huo peke yake, mara nyingi, kama tufanyavyo tukipiga picha. Sehemu zinazouzunguka sikuzigusa. Kisha nikazima joto ghafla, vipandio vikaganda palepale vilipokuwa. Shaba ilipopoa kabisa nikairudisha sindano mbali, na kwa macho yale yale hafifu nikatazama kote, ndani ya mraba na nje yake.

Nje ya mraba, vipandio vimenyooka. Ndani ya mraba, vimetafunwa. Mpaka kati ya pande hizo mbili unaonekana kama ukingo wa shamba lililokatwa majani. Hakuna miwani inayoweza kufifia upande mmoja wa mstari na kuona upande wa pili.

Nimerudia mara nane. Picha zote ziko humu, hata mbili zisizopendeza, ambapo fuwele ilikuwa na uchafu.

Joto lilikuwa moja kote. Kilichotofautiana ni sisi tu, pale tulipopita na pale ambapo hatukupita.

Kwa hiyo siwezi kuandika sura ya nne kama ulivyosema. Nimeiandika kama ilivyo. Naomba pia picha yangu ya Januari isiingie kwenye kitabu cha mkutano mpaka chini yake paandikwe umbali wa sindano na maana yake. Si haki watu waipigie makofi bila kujua.

Uliwahi kuniambia, siku ya kwanza, kwamba shaba haijui jina la mtu. Nakuomba tu tuendelee kukubaliana juu ya hilo.

Kwa heshima,
Reinou Bonnema


Darajani, 21 Aprili 1992

Kwa Profesa Terwogt,

Hunijui. Mimi ni dada wa Reinou Bonnema, mlinzi wa daraja huku Friesland. Anwani yako nimeipata kwenye bahasha aliyoiacha nyumbani wakati wa Pasaka. Yeye hajui kama nakuandikia, na nakuomba asijue.

Fizikia siijui. Namjua Reinou. Pasaka nzima hakulala, na mayai tuliyompa aliyapanga mezani kama ngazi, akayatazama. Amekonda. Nilipomuuliza kama atakubali unayotaka wewe, alisema hapana. Nikamuuliza tena tukiwa tunaosha vyombo, akasema, "Sijui, Hiske. Nikifikiria uso wa Baba, sijui." Mtu akisema hivyo bado anaweza kurudi nyuma.

Baba yetu amekamua ng'ombe wa watu wengine maisha yake yote. Ameshonesha suti ya bluu kwa ajili ya tarehe 19 Juni. Siku hiyo ikifutwa, hatasema kitu. Ndicho ninachokiogopa.

Siombi umpendelee. Naomba umfungulie mlango. Reinou ukimsukuma, atasimama hapo mpaka nyumba imwangukie. Ukimfungulia mlango na ukasimama kando, atapita mwenyewe.

Nisamehe kwa kuingilia.
Hiske Bonnema


Chicago, 2 Mei 1992

Reinou mpendwa,

Umefanya kazi nyingi, na kwa juhudi inayostahili heshima. Ile picha ya mraba ni ya kuvutia.

Nimefikiri sana kuhusu wewe, si kuhusu shaba. Hulali vizuri. Umekonda. Mambo haya huonekana hata kwa mtu aliye mbali. Una miaka ishirini na saba, na mbele yako kuna kazi ya maisha mazima, lakini kwanza lazima uingie ndani ya nyumba. Kuna watu wanaokusubiri siku hiyo. Baba yako atakaa mstari wa mbele na suti yake ya bluu, na sitaki mtu wa namna hiyo aaibishwe kwa sababu ya upana wa atomu mbili.

Basi nakufungulia mlango, na mimi nasimama kando. Sura ya nne iende kwa umbali wa kawaida, na nitaipitisha siku hiyo hiyo. Hoja yako hatuizimi. Iweke kwenye karatasi ya hoja, ya kumi na moja. Kwa mfano: "Katika maabara kama katika ndoa, anayetazama kwa karibu mno huona makosa aliyoyafanya mwenyewe." Ukumbi utacheka, mimi nitacheka, na atakayekuwa na masikio atasikia. Baadaye, ukishakuwa Daktari, una uhuru wa kuandika utakacho.

Kitabu cha mkutano kimeshakwenda kupangwa. Nimeona si busara kukisimamisha.

Nijibu kwa neno moja tu.

Wako,
A. Terwogt


Amsterdam, 9 Mei 1992

Hiske,

Niambie jambo moja. Mtu aliyeko Chicago amejuaje rangi ya suti ya Baba?

Niliisoma barua yake nimesimama kwenye kolido, watu wakipita na kahawa zao. Mlango uliofunguliwa. Kusimama kando. Haya si maneno ya Terwogt. Yeye hajawahi kusimama kando tangu azaliwe. Haya ni maneno ya mtu anayeinua daraja kila siku na kuwatazama wenye mashua.

Ulimwambia nilichosema kwenye karai la vyombo. Hicho ndicho kinachonikera kuliko vyote, kwa kuwa kilikuwa kweli. Nilikuwa sijui. Nikakuambia wewe kwa sababu ni wewe, na wewe ukampelekea mtu pekee ambaye hakupaswa kukijua.

Umempa kishikio. Kabla ya hapo alilazimika kunipinga kwa fizikia, na fizikia ilikuwa imemwishia. Soma barua yake, nimekunakilia hapa. Tafuta sentensi moja inayosema nimekosea. Haipo. Kwenye barua ya Machi alinipiga kwa hoja, nzuri, ya mtu anayeamini. Safari hii ananiuliza habari za usingizi wangu. Unajua maana yake? Amekubali. Anajua kwamba niko sahihi, na ananiomba niliseme kwa mzaha.

Hoja ya kumi na moja ni ya kuchekwa, Hiske. Ndiyo kazi yake. Watu huisoma kwanza wakiwa wanasubiri kukaa, wanamwonyesha jirani, wanacheka. Neno likishachekwa na ukumbi mzima halisimami tena. Nikija mwaka ujao nikasema lile lile kwa uso mkavu, watasema: "Ah, ile ya ndoa, tunaikumbuka."

Usinijibu kama unataka kuniambia nilale.

Reinou


Darajani, 12 Mei 1992

Reinou,

Sitakuambia ulale.

Niliandika, ndiyo. Niliandika kwa sababu niliogopa, na si kwa ajili ya Baba peke yake. Mimi ndiye niliyeacha shule ili wewe uendelee, na sijawahi kulisema, na leo nalisema kwa sababu umenikasirisha. Nilitaka kuiona siku hiyo. Nilitaka nisimame pale na gauni jeusi, nimsikie mtu aliyevaa joho akilitamka jina letu.

Barua ya profesa nimeisoma. Nimetafuta hiyo sentensi, sijaiona. Mimi huona watu kama yeye darajani kila Jumamosi: mwenye boti kubwa ambaye anajua zamu si yake, haoni haya kukuomba umpitishe, ila anakuomba kwa kukuuliza kama watoto hawajambo.

Kwa hiyo fanya unalotaka kufanya. Lakini Baba umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si kwa kunituma mimi. Nimechoka kubeba ujumbe, na umeona ninavyoubeba.

Gauni linanibana hata hivyo.

Hiske


Amsterdam, 20 Mei 1992

Profesa Terwogt,

Uliniomba nikujibu kwa neno moja. Neno ni hapana. Yanayofuata ni kwa ajili ya adabu, usije ukayasikia kwa mtu mwingine.

Sikuoni kama mtu mwovu. Ulipima kwa chombo kilichokuwepo, na katika umbali ule mtu yeyote angeona ulichokiona. Kama ungeniandikia, "Reinou, nilikuwa karibu mno," ningeliweka jina lako mbele ya langu na ningejivunia kulitazama. Nilingoja barua hiyo. Nilikuwa naangalia kisanduku changu cha barua kila asubuhi kabla sijavua koti. Badala yake ulinitumia mlango, na mlango huo una kimo cha mtu aliyeinama.

Unasema niingie kwanza ndani ya nyumba, kisha niseme nitakacho. Nimewatazama waliofanya hivyo. Wako wengi humu, ofisi zao zinatazama mfereji, ni watu wema, na hakuna anayekumbuka tena alichotaka kusema. Sitaki kupewa cheti kwa sura ambayo mimi ndiye ninayejua zaidi ya wote kwamba si kweli. Siku mtu atakaponiuliza ukumbini, "Bi Bonnema, sindano ilikuwa umbali gani?" nitajibu nini? Wikje na dada yangu waninong'oneze nini?

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa anasafisha ndoo. Nilimweleza yote, na kuhusu tarehe 19. Aliendelea kusugua, halafu akauliza, "Huyo profesa amejua kwamba amekosea?" Nikasema nadhani amejua. "Na bado anataka uandike vile?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda mpaka kwenye chama cha kuteleza barafuni kwa miguu, akakuta mlango umefungwa, akaenda kwa mwenye funguo. Aliporudi vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki. Hakusema amefuta au ameandika nini, na mimi sikuuliza. Sitajifanya kwamba hakuumia.

Sasa nakuarifu nilichofanya.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa yule bibi wa chuo mwenye fimbo ya sherehe anayesimamia utetezi wa tasnifu, nikamwomba alifute jina langu tarehe 19 Juni. Aliniuliza kama kuna msiba. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama profesa anafahamu, nikasema ataletewa habari. Akafuta kwa rula, mstari ulionyooka.

Siku hiyo hiyo niliwaandikia wahariri wa kitabu cha mkutano kwamba picha ya Januari niliipiga mimi, kwamba inaonyesha athari ya sindano, na kwamba jina langu lisitokee juu ya makala yoyote inayosema vinginevyo. Nakala ya barua hiyo imo humu.

Picha zote za asili nimeziacha kwenye kabati la maabara, pamoja na funguo, kwa mpangilio wa tarehe. Ni mali ya maabara. Atakayepokea kazi yangu atazikuta, na nimemwandikia umbali wa sindano nyuma ya kila moja. Kama hutaki umbali huo ujulikane, itabidi wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ukakae hapo na kifutio.

Na makala ya jarida nimeiandika. Ina kurasa nne. Picha ya kwanza ni ile iliyopigiwa makofi, ya pili ni sehemu ile ile sindano ikiwa mbali, ya tatu ni mraba. Joto la kuparuza nimesema liko karibu na nyuzi mia mbili na thelathini, na nimesema pia ni wapi naweza kuwa nimekosea, ili atakayetaka kunipiga ajue pa kupigia. Ina jina moja. Kwenye shukrani limo lako, kwa hoja ya miwani, kwa kuwa bila hoja hiyo nisingeufikiria ule mraba.

Huenda wenye jarida wataikataa. Mkataba wangu unaisha baada ya wiki chache, na barua ya kwanza niliyoandika ya kuomba kazi ni ya kufundisha hesabu shule ya sekondari Leeuwarden. Wakinikubali nitakwenda. Jarida likiikataa makala, nitaituma kwingine, na kwingine tena, kwa anwani ya shule.

Sikuandika haya ili unizuie, na huwezi. Bahasha ya makala niliitumbukiza jana kwenye sanduku lililo kona ya maabara, nikakaa kwenye ngazi za jirani mpaka gari la posta lilipofika, na nilimwona mwenye gari akilimwaga sanduku lote ndani ya gunia na kulifunga mdomo.

Reinou Bonnema